Bibi yetu wa Makunduchi katuacha, na hakuna anayejua alizaliwa mwaka gani. Wenye bibi zao wa Kusini naomba msaada

Mjukuu_Kusini #1
Assalaam alaykum wakuu. Bibi yangu mzaa mama katutoka wiki mbili zilizopita, Kajengwa, Makunduchi. Tumeshamaliza matanga, sasa tumekwama kwenye karatasi. Kitambulisho kimeandikwa 01/07/1940. Hiyo tarehe mama anasema aliitia karani mwenyewe miaka hiyo, alimuuliza Bibi umezaliwa lini, Bibi akamwambia "mwanangu mie sijui namba, andika unayoona yafaa", akaandika.

Sasa shida yangu sio karatasi peke yake. Arubaini inakuja na wajukuu tunataka kuandika maisha yake kwenye karatasi mbili tatu tugawane tulioko Dar, Muscat na Unguja, maana huyu bibi kalea watu thelathini na kitu. Mstari wa kwanza tu tumekwama. Nawapa aliyokuwa akiyasema mwenyewe, na alikuwa na akili zake mpaka siku ya mwisho:

Alisema rupia zilipoondoka alikuwa keshaanza kwenda kisimani peke yake na kibuyu. Alisema alipokuja Princess mjini yeye alikwenda kumtazama na mjomba yuko mgongoni. Alisema amefunga Ramadhani themanini, alikuwa akizihesabu, Ramadhani ya mwaka huu 2024 alisema hii ya themanini. Na kuna moja ambayo siielewi kabisa, alikuwa akimwambia mama, "mimi na wewe mwaka wetu mmoja". Mama kazaliwa Mei 1963, kadi ya kliniki ipo. Vipi mama na mtoto wawe mwaka mmoja?

Mwenye kujua anieleweshe.

TangaRaha #2
Pole sana mkuu. Ila hapo kwenye rupia umeshapata jibu, rupia iliondoka 1921 ikaja shilingi. Kama alikuwa anaenda kisimani basi kazaliwa 1914 au 1915. Bibi yako kafika 109! Hongereni ukoo wenu una damu nzuri.

Mwanakwerekwe77 #3
#2 Tanga mnapenda kujibu haraka. Hiyo ni Tanganyika mkuu. Unguja na Pemba tulibaki na rupia yetu mpaka 1936, ndo ikaingia shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ukipewa shilingi moja na nusu. Babu yangu alikuwa na duka Ng'ambo mpaka anakufa analalamika kuwa bara walipewa mbili kwa moja na sisi tukapewa moja na nusu.

Kwa hiyo kama 1936 alikuwa anatumwa maji, mpe miaka saba nane. Kazaliwa 1928 hivi. Allah amrehemu.

TangaRaha #4
Sawa nimekubali sheikh, hilo sikulijua. 1928 basi.

Dada_wa_Dar #5
Poleni jamani. Mimi nina swali, si inawezekana hakuziona hizo rupia, kasimuliwa na mama yake? Bibi yangu wa Mafia alikuwa anahadithia meli ya Mjerumani iliyozamishwa Rufiji kama vile alikuwa juu ya mnazi anaangalia, tukajua kaiona, kumbe ile ni 1915 na yeye hata hajazaliwa. Ni mama yake ndo aliziona ndege zinapita. Wazee wakishasimuliwa jambo mara mia linakuwa lao.

Mjukuu_Kusini #6
#5 Hilo sikuliwaza. Ila hili la kisimani alikuwa analisema na jina la kisima na namna alivyoanguka kibuyu kikapasuka akachapwa. Mtu hasimuliwi kuchapwa.

Dada_wa_Dar #7
Kuchapwa kachapwa, ila mwaka wa kuchapwa ndo ule wa rupia? Au kayaunga yeye?

Karafuu_Wete #8
Pole ndugu yangu. Na watu walikuwa wakiendelea kusema rupia baada ya hapo, mimi nimezaliwa juzi na bado nimemsikia bibi yangu akisema "nipe rupia nikanunue sukari". Neno halikuondoka na sarafu. Kwa hiyo "rupia zilipoondoka" inaweza kuwa hata ile siku mama yake alipozipeleka za akiba kubadilisha. Watu wa shamba walizifukia, hawakwenda kubadilisha siku ya kwanza.

Hesabu_Kali #9
Tuanze na Ramadhani, ndo ushahidi wenye namba.

Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku kumi na moja hivi. Toka Ramadhani ya kwanza mpaka ya 80 sio miaka 79 ya kizungu, ni kama 76 na nusu. Toa kwenye 2024 unapata 1947. Hiyo ndo Ramadhani yake ya kwanza. Mtoto wa kike kuanza kufunga kwa hesabu ni kuanzia anapobaleghe, tuseme kumi na mbili kumi na tatu. Kazaliwa 1934 au 1935.

Kwa hiyo 1928 sio na 1940 ndo kabisa haiwezekani, angekuwa kafunga ana miaka saba.

Mwani_Jambiani #10
#9 kaka umehesabu vizuri lakini wewe hujazaa. Bibi kama amezaa watoto sita saba, kuna Ramadhani alikuwa na mimba, kuna alizokuwa ananyonyesha, zile analipa baadae. Je alikuwa anahesabu Ramadhani zilizopita au alizofunga yeye kamili? Bibi yangu mimi alikuwa anasema "nimefunga" kwa ile tu aliyoifunga kwa wakati wake. Ukiongeza alizokosa unarudi nyuma miaka mitano sita, unafika palepale kwenye 1928.

Hesabu_Kali #11
Nimekaa kimya hapo. Hoja nzuri.

Mzee_wa_Bamvua #12
Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa Kusini, nimezaliwa Kiongoni, na hili la "mwaka wetu mmoja" limenishtua, maana nimelisikia kwa wazee na sijalisikia tena miaka arobaini.

Vijana mnaujua Mwaka Kogwa kwa ngoma na kibanda kinachochomwa na watu kupigana kwa migomba. Sawa, lakini ule ni mwaka kweli, una hesabu yake. Ni siku 365 basi, haina kabisat, ile siku ya kuongeza kila miaka minne, kama ya kizungu. Imegawiwa siku kumi kumi, kila kumi ni mwongo, na wakulima na manahodha walikuwa wakienda kwa miongo hiyo, kupanda mtama mwongo fulani, chombo kisitoke mwongo fulani. Na kila mwaka ulikuwa na jina, unaitwa kwa siku ulioangukia. Ukianza Jumatatu, basi ni Mwaka Jumatatu mpaka uishe.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Wiki hamsini na mbili ni siku 364, inabaki moja. Kwa hiyo mwaka huu Jumatatu, ujao Jumanne, mpaka unarudi. Kila baada ya miaka saba jina linarudi lile lile. Ndo maana mama na mwana wanaweza kuwa "mwaka mmoja". Bibi yako alikuwa anamwambia mama yako wamezaliwa miaka yenye jina moja. Hakuwa anachanganya mambo.

Mjukuu_Kusini #13
Mzee nimesoma hii nikiwa kwenye daladala nimeshuka kituo kisicho changu. Miaka yote tulikuwa tunacheka tukisikia hilo neno. Na Bibi alikuwa anatuacha tucheke.

Shukran sana.

Hesabu_Kali #14
#12 Mzee Mungu akupe umri. Hii inafunga kazi. Mama kazaliwa Mei 1963, na Mwaka unaanguka katikati ya mwaka, Julai siku hizi na zamani hizo mwanzo wa Agosti. Kwa hiyo Mei 1963 iko ndani ya Mwaka ulioanza 1962. Rudi nyuma saba saba, Miaka iliyoanza 1955, 1948, 1941, 1934, 1927. Bibi kazaliwa ama kati ya Agosti 1927 na Julai 1928, ama kati ya Agosti 1934 na Julai 1935, au 1941 mpaka 1942.

1942 tupa, maana 1956 alikuwa na mtoto mgongoni. Zimebaki mbili. 1940 ya kitambulisho haimo kabisa.

Mwanakwerekwe77 #15
Na kwa rupia ni 1928. Nimeshinda au sijashinda?

Karafuu_Wete #16
Hujashinda, kwa Ramadhani ni 1934/35. Tulia.

TangaRaha #17
Kwani Princess yupi huyo mnayemtaja?

Mwanakwerekwe77 #18
Princess Margaret, ndugu yake malkia wa Uingereza, kaja Unguja Oktoba 1956. Watu wa shamba walijaa mjini kwa magari ya mbao. Hiyo haina ubishi.

Dada_wa_Dar #19
Haya mimi naleta ubishi hapohapo. Mjomba alikuwa mtoto wa kwanza? Kama wa kwanza na 1956 alikuwa mgongoni, bibi wa 1928 angekuwa na miaka 28 ndo anazaa mara ya kwanza. Zamani hizo? Walikuwa wanaolewa wana kumi na nne kumi na tano. Kwa hiyo 1935 inakaa sawa, ana 21. Na hata 1940 ya karani inakaa, ana 16. Karani labda hakubuni, labda alimwangalia na watoto wake akakadiria.

Mjukuu_Kusini #20
Mjomba ndo mkubwa ndio. Dah. Sasa hapa nimevurugika.

Mwani_Jambiani #21
Mwanangu Mjukuu, hebu mpigie mama yako umuulize kwa upole, kabla ya mjomba hakuna aliyezikwa? Bibi zetu hawakuwa wanahesabu waliokufa mbele za watu. Mimi nilikuja kujua bibi yangu kazaa tisa siku ya kumwosha, aliyekuwa anamwosha ndo katuambia. Sisi tulijua watano.

Hesabu_Kali #22
Wakati tunasubiri, tuambie basi na kazi zake, usituachie tarehe tu. Alikuwa mtu wa nini?

Mjukuu_Kusini #23
Mtu wa pwani. Mimi nimelelewa kwake mpaka darasa la sita. Maji yakitoka asubuhi yeye keshafika, anachokoa pweza kwa kijiti, na alikuwa anaujua mwamba kama mtu anavyojua vyumba vya nyumba yake, tundu hili wiki iliyopita lilikuwa na pweza, leo atakuwa amehamia mwingine. Hakuwa anatazama kalenda wala saa, anatazama mwezi jana usiku alipotoka nje, anakwambia kesho maji yatatoka baada ya alfajiri na yatakwenda mbali.

Lakini sifa yake kubwa makumbi. Mnayajua makumbi ya nazi, anayafukia pwani kwenye shimo, mawe juu, yanakaa miezi maji ya chumvi yanaingia na kutoka mpaka yanaoza, halafu anayafukua anayapiga kwa rungu mpaka inabaki nyuzi tupu, anasokota kamba juu ya paja. Harufu yake mtu wa mjini hawezi kusimama. Mimi harufu ile ndo utoto wangu. Skuli nimevishwa kwa kamba. Sare, daftari, ndara, yote kamba. Paja lake la kulia lilikuwa laini halina hata unywele kwa kusokota.

Mwani ulipokuja alilima pia, mama alimvuta. Alilima ule mwani wa cottonii mpaka ikaanza kufa, akasema bahari imepata homa, akarudi kwenye makumbi.

Mwani_Jambiani #24
"Bahari imepata homa". Wallahi ndivyo. Cottonii ilikuwa ndo yenye bei, maji yakazidi joto ikawa inageuka nyeupe inakatika, ugonjwa wenyewe tunauita barafu-barafu. Tukabaki na mwani wa spinosum, wa bei ndogo. Mwani wa biashara umeanza huku kwetu mashariki 1989 na mimi niko wa mwanzomwanzo, nilikuwa nafunga taitai, vile vikamba vya kushikia mwani, usiku kwa kibatari na mtoto kalala miguuni. Waume zetu walicheka mwanzo. Walipoona vitanda na mabati yanaingia ndani wakanyamaza. Ila bibi zetu hawa wa makumbi ndo walitutangulia kushika pesa ya mwanamke mwenyewe, hilo watu hawalisemi. Mwani unasifiwa na wageni wanakuja kupiga picha, kamba hakuna anayeipiga picha.

Mzee_wa_Bamvua #25
Kweli kabisa mama. Na majahazi ya zamani yalifungwa kwa kamba za wanawake hao. Nahodha alikuwa anajua kamba ya nani kwa msokoto.

TangaRaha #26
Yanakaa shimoni muda gani hayo makumbi? Kwetu naona watu wanayachoma tu.

Mzee_wa_Bamvua #27
Miezi sita.

Mwani_Jambiani #28
Sita hayajaiva. Tisa mpaka mwaka.

Mzee_wa_Bamvua #29
Jambiani mnaozesha mpaka yanakatika. Kiongoni miezi sita na kamba yetu inavuta ngalawa.

Mwani_Jambiani #30
Hahaha mzee leo umepatikana. Shimo la juu na shimo la chini si sawa. La chini linapata maji kila siku, la juu mpaka bamvua, maji makubwa. Kila mtu na shimo lake.

Mjukuu_Kusini #31
Wakuu nimezungumza na mama. Nimechelewa kurudi kwa sababu tumekaa kwenye simu saa nzima na sio yote ya kuandika hapa.

Mama Mwani ulisema kweli. Kabla ya mjomba kulikuwa na wawili. Wa kwanza wa kike, alikufa kabla ya siku saba, hakuwa na jina. Wa pili wa kiume alifika kusimama, anashika kitanda anasimama, akapata homa. Mama alijua toka mdogo ila Bibi alimkataza kusema mbele ya mjomba, ili mjomba asijione kakaa mahali pa mtu. Mjomba ana miaka sabini sasa na jana ndo kaambiwa. Kasema alikuwa anaona Bibi kila sikukuu anakwenda nyuma ya nyumba kwenye mkwaju anakaa kidogo peke yake, akajua anapumzika.

Mimi nimecheza chini ya mkwaju ule. Tulikuwa tunapanda juu yake, alikuwa anatuita tushuke, hakututukana wala nini, anasema tu shukeni mje huku. Hakusema kwa nini.

Dada_wa_Dar #32
Nimelia hapa ofisini. Allah awakutanishe naye. Nafuta hoja yangu ya #19.

Hesabu_Kali #33
Usiifute yote. Wawili kabla ya mjomba, ukiweka miaka miwili mitatu kila mmoja, uzazi wa kwanza unarudi mpaka 1949, 1950. Bibi wa 1935 angekuwa na kumi na nne. Inawezekana. Bibi wa 1928 angekuwa na ishirini na moja. Inawezekana pia. Ya 1940 ndo imekufa moja kwa moja.

Samahani kuleta hesabu mahali hapa mkuu, najua ni jambo zito.

Mjukuu_Kusini #34
Usiombe samahani. Ndicho nilichokuja kuuliza.

Karafuu_Wete #35
Kuna kitu hamjauliza. Wakati wa vita vya Hitla alikuwa anasema nini? Kwetu Pemba kila mzee ana habari ya mchele kukatika, ulikuwa unatoka Burma, Mjapani alipoichukua 1942 ukakoma watu wakarudi kwenye muhogo na mtama. Bibi wa 1928 angekuwa mwari mkubwa wakati ule, angekumbuka mengi. Wa 1935 angekuwa mtoto wa miaka saba, angekumbuka njaa tu.

Mjukuu_Kusini #36
Alikuwa anasema walikula muhogo mpaka mdogo wake akawa akiuona analia. Na alisema yeye ndo alikuwa anaumenya na kuuanika.

Mwanakwerekwe77 #37
Mtoto wa miaka saba hapewi kisu amenye muhogo wa nyumba nzima. 1928!

Mwani_Jambiani #38
Mwanakwerekwe umekulia mjini. Mimi nimemenya muhogo nina miaka sita.

Muscat_Kazini #39
Poleni sana watu wa Kusini, nimeufuata uzi huu kutoka Muscat siku mbili kazi haziendi. Mie nina rai nyingine kuhusu "mwaka wetu mmoja". Marehemu bibi yangu wa Bwejuu alikuwa akisema hivyo kwa watu wenye nyota moja, au wanaofanana hulka. Anakuambia fulani na fulani mwaka mmoja, wote wakaidi. Sio lazima iwe jina la Mwaka. Mzee wa Bamvua unasemaje?

Mzee_wa_Bamvua #40
Yasemwa pia, sikatai. Lakini mtu wa Kajengwa, pale Mwaka wenyewe unapochezwa, akitamka mwaka mimi naanza na Mwaka. Labda mama yake Mjukuu atuambie, wanafanana hulka?

Mjukuu_Kusini #41
Mama nimemuuliza. Kasema "sana". Kwa hiyo tumerudi mwanzo.

Ila kaongeza kwamba ukiacha Bibi kuna somo yake mmoja bado yu hai, wamechezwa unyago pamoja, yuko Nganani, haoni lakini anasikia. Hao wa unyago mmoja wanapishana mwaka au miwili tu. Tutamwendea.

Hesabu_Kali #42
Muulize Mwaka wake unaitwa siku gani! Usimuulize namba.

Dada_wa_Dar #43
Na muulize hao watoto wawili, huenda anamjua yule wa pili kwa jina.

Mjukuu_Kusini #44
Nitauliza yote mawili. Kwenye fomu nimeshaandika 1940 jana, hawakubali isiyofanana na kitambulisho. Kwenye karatasi ya arubaini nimeacha nafasi.

Mwani_Jambiani #45
Mwanangu na jambo moja. Umesema alirudi kwenye makumbi. Ana shimo lenye kitu sasa hivi?

Mjukuu_Kusini #46
Subhanallah. Lipo. Alifukia na mama mwaka jana baada ya Mwaka, yeye amekaa juu ya jiwe anaelekeza, mama na mabinti wanachimba. Hakuna aliyelikumbuka mpaka umesema.

Mzee_wa_Bamvua #47
Basi hata kwa hesabu ya Jambiani yameiva. Jumamosi hii maji makubwa, nendeni asubuhi. Mama yako anajua jiwe lake?

Mjukuu_Kusini #48
Anajua. Lina alama ya kuchongwa ya Bibi, kama mkasi. Natoka Dar na boti ya Ijumaa, nitakwenda kwa somo yake jioni, asubuhi pwani. Yakishafukuliwa yanaoshwa kwanza ndo yanapigwa au yanapigwa yakiwa na mchanga? Mimi nilikuwa nakimbia harufu sikutazama vizuri.

Mwani_Jambiani #49
Oshea hapohapo maji yakiwa bado yapo kwenye vidimbwi, halafu piga yangali mabichi, usiache yakauke. Na mwanamme hapigi makumbi peke yake atavunja nyuzi, wewe beba tu, waachie kina mama.

Mzee_wa_Bamvua #50
Hapo tumekubaliana.